Daraja bovu na mbwa mwenye wazimu

Wandugu wasomaji, katika vijitabu vyetu hivi vya desturi tumezoea kuongea juu ya ndoa, kilio, uwindaji na majina ya watoto. Leo naomba ruhusa niongee juu ya ordinateri. Musicheke. Chombo chenyewe ni kigeni, lakini swali ambalo kimetuletea ni la kale, na wazee wetu walikwisha kulijibu mara mbili. Shida ni kwamba majibu yao mawili hayafanani.

Jibu la kwanza ni la daraja. Huku kwetu Kibombo vijito ni vingi kuliko barabara, na juu ya kila kijito watu wamelaza miti miwili ao mitatu. Mti ukianza kuoza, yule anayeuona wa kwanza hautupi majini. Anakata tawi lenye majani mabichi, analiweka katikati ya njia, upande huu na upande ule. Kila mpita njia anaelewa: teremsha mzigo, piteni mmoja mmoja, mwenye baiskeli aisukume. Kisha habari inafika kwa kapita, watu wanaitwa salongo, mti mpya unaangushwa na kulazwa. Ni hapo tu mti wa zamani unapotolewa. Kuutoa kabla ya ule mpya kulala ni kumfungia mama njia ya shamba lake, na wazee hawakukubali jambo hilo hata kama kila mtu aliona kwamba mti umeoza kweli.

Jibu la pili ni la mbwa. Mbwa wa kuwinda ni mali. Ana kengele yake ya mti shingoni, ana jina lake, na kuna watu wanaomtunza kuliko wanavyomtunza shemeji. Lakini mbwa huyo akishikwa na wazimu, mate yanamtoka, anauma kila kinachotembea, hakuna anayemngoja mwenyewe arudi kutoka Kindu. Anauawa siku ileile. Mwenyewe akirudi anaambiwa tu. Anaweza kulia, lakini kushitaki hawezi. Hakuna barza itakayomsikiliza.

Basi, kitu chenye kosa, lakini ambacho bado kinamfanyia mwenyewe kazi yake kila siku, ni daraja ao ni mbwa? Na nani yuko na haki ya kukata shauri?

Nieleze kwanza kitu chenyewe. Wanaotumia ordinateri kwa Kifaransa wanajua neno piloti. Ndugu zetu wa Tanzania wanasema kiendeshi. Piloti huyu si mtu. Ni programu ndogo inayofanya kazi ya mkalimani. Ordinateri haijui lugha ya imprimanti, na imprimanti haijui lugha ya ordinateri. Piloti anakaa katikati yao. Kila kifaa kina piloti wake. Sasa, programu za kawaida, tuseme ile ya kuandikia barua, ni kama wageni: zinakaa barzani, zinapewa kiti na maji ya kunywa, haziingii chumba cha kulala. Lakini mapiloti wengi wanaingia chumbani. Wanafanya kazi ndani kabisa, pale ordinateri inapoweka funguo zake zote. Ndiyo maana piloti akiwa na tundu, mwizi hana haja ya kuvunja mlango. Anapita kwa mkalimani.

Tena wezi wa siku hizi wamegundua werevu mwingine. Hata kama nyumbani kwako hakuna ule piloti mwenye tundu, mwizi akipata namna ya kufika barzani anakuja naye. Piloti huyo ana sahihi halali ya kampuni iliyomtengeneza, kwa hiyo ordinateri inamfungulia. Ni sawa na mwizi anayebisha hodi akiwa ameshika barua ya kweli, yenye muhuri wa kweli. Juu ya hiyo kampuni ya Microsoft, wenye Windows, wanashika orodha ya mapiloti waliokatazwa, na tangu mwaka 2022 orodha hiyo inawashwa yenyewe katika Windows 11. Aliye katika orodha hafunguliwi. Hata kama kwako wewe alitumika kwa uaminifu miaka kumi, hafunguliwi.

Tarehe 14 Oktoba 2025 walifanya zaidi ya kukataza. Ndani ya Windows kulikuwa piloti mmoja wa zamani, faili lake linaitwa ltmdm64.sys, wa modemu za Agere, zile za kupeleka faksi kwa waya wa simu. Alikuja pamoja na Windows yenyewe, kwa hiyo alikuwa amelala hata katika masini ambazo hazijawahi kuona modemu. Wezi walimgundua na walikuwa wamekwisha kuanza kumtumia. Na ili wamtumie haikuhitajiwa modemu iwe inafanya kazi. Microsoft haikumponya. Ilimfuta. Ikatangaza kwamba modemu ya faksi inayomtegemea haitafanya kazi tena katika Windows, na kwamba mwenye nayo aache kuitegemea.

Kwa shauri hilo mimi niko upande wa waliofuta. Mbwa alikuwa anauma tayari, na alikuwa katika nyumba za watu wasiojua hata kwamba wanafuga mbwa. Mwenye faksi yake alipata hasara, nakubali. Lakini hasara yake ilikuwa ya mtu mmoja mmoja, na hatari ilikuwa ya wote.

Mashauri mengine si mepesi hivyo. Mwezi Machi 2025 programu ya ulinzi ya Windows, ile inayoitwa Defender, ilianza kumkamata piloti mwingine, WinRing0. Huyu alitumiwa na programu nyingi ndogo za kuongoza feni ya ordinateri na kupima joto lake. Tundu lake lilijulikana tangu mwaka 2020. Miaka mitano watu wanaishi naye, kisha asubuhi moja mlinzi anamfunga pingu, na feni haitii tena. Wengi waliotengeneza programu zile ni watu wanaofanya kazi ya bure usiku, baada ya kazi yao ya mchana. Hawakuwa na feza wala nafasi ya kumtengeneza piloti mpya na kumpatia sahihi. Hapa mti umetolewa kabla mwingine haujalazwa. Aliyeutoa alisema ukweli kwamba umeoza, na wale waliobaki ng'ambo ya kijito walisema ukweli pia.

Na kuna shauri la tatu, baya zaidi, kwa sababu lilivaa nguo ya usalama. Kampuni FTDI ya Uskoti inatengeneza vipande vidogo vya elektroniki vinavyounganisha vifaa vya zamani na mlango wa USB. Watu wakaiga vipande vile, wakauza vya bandia kwa bei ndogo. Mwaka 2014 kampuni ikatoa piloti mpya, akapita kwa njia ya kawaida ya matengenezo ya Windows. Piloti huyo akikuta kipande cha bandia, alikibadilishia namba yake ya utambulisho kuwa sifuri, na kifaa kikafa. Ukikipeleka kwa ordinateri nyingine nako hakitambulikani. Watu walipiga kelele sana, akaondolewa. Angalieni nani aliumia. Mwigaji alikuwa amekwisha kuuza na kula feza yake. Aliyeumia ni mnunuzi, ambaye hakuwa na njia yoyote ya kujua kilichomo ndani ya kifaa alichonunua.

Jambo hili la mwisho si la Ulaya peke yake. Mwisho wa Septemba 2012 serkali ya Kenya ilizima simu za bandia. Zaidi ya milioni moja zilinyamaza. Tanzania ilifanya vilevile usiku wa tarehe 16 Juni 2016. Tuwatendee haki: Tanzania ilitangaza tangu Desemba 2015, ikatoa miezi sita, ikafundisha watu kubonyeza *#06# ili waone namba ya simu yao na kuipima. Hayo ni majani ya njiani, yaliwekwa mapema na yaliwekwa vizuri. Lakini mti mpya nani aliulaza? Mama aliyenunua simu ya bei ndogo sokoni ndiyo aliambiwa anunue nyingine. Aliyeingiza simu zile kwa makontena hakuzimiwa kitu.

Siye Wakongomani tulionja namna yetu. Mwaka 2020 ilianzishwa RAM, daftari la kuandikisha simu zote, na tukaambiwa ni kwa usalama wetu, ili simu za bandia na za wizi zikatwe. Kila mwaka dola moja kwa simu ndogo, dola saba kwa ile ya intaneti, zikikatwa kidogo kidogo katika unite zetu. Mwaka 2022 ikaondolewa kwa sababu ya kelele za watu. Tangu hapo, ukimwambia mtu wa kwetu neno "usalama wako", anashika mfuko wake kwanza.

Na kweli, lile neno la usalama linapashwa kuulizwa: usalama wa nani, na nani analipa?

Nije sasa kwa jambo lililotokea hapa kwetu, bila kutaja mtu wala nyumba. Wote munajua birotiki zetu: chumba kimoja, pano za jua juu ya bati, betri chini ya meza, ordinateri iliyofika ikiwa imekwisha kuzeeka, na imprimanti yenye miaka mingi kuliko wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza. Katika chumba kama hicho tunachapisha masuali ya mitihani, matokeo, barua za maombi ya kazi, vyeti vya ubatizo, hata hotuba za kilio. Sekondari kadhaa zinategemea masini moja. Basi, moja ya masini hizo ilianza kwenda polepole, ikapelekwa Kindu kwa fundi. Fundi aliiunganisha na intaneti, akaiwekea Windows mpya, akaisafisha, akairudisha kwa treni. Ilikuwa nyepesi kama mtoto. Lakini imprimanti ikaikataa. Aliyetengeneza imprimanti ile alikwisha kuisahau. Piloti wake wa zamani hakukubaliwa na Windows mpya, na piloti mpya hakuna.

Ilikuwa juma la mitihani. Tuliandika masuali ubaoni. Katika fizika kulikuwa mchoro wa mzunguko wa umeme, na waliokaa nyuma hawakuona vizuri waya gani unakwenda wapi. Niliposahihisha niliona wazi kwamba makosa yalifuata mistari ya viti: mbele wamefaulu, nyuma wameanguka. Kwa fundi wa Kindu alichofanya ni uponyaji, na kwa kitabu chake alifanya vema. Mwenye birotiki alisema neno moja ambalo limebaki nami: "Mwalimu, ile masini ilikuwa mugonjwa lakini ilikuwa inafanya kazi. Sasa iko muzima na haifanye kazi. Ugonjwa ni gani hapo?"

Ni swali la kweli la falsafa, na halikutoka chuo kikuu. Mtu wa mbali anayetengeneza programu anasema masini ni salama pale isipokuwa na tundu. Mtu wa Kibombo anasema masini ni salama pale inapofanya kesho kazi iliyofanya jana. Wote wawili wanatumia neno moja, na kila mmoja anafikiri mwenzake ni mjinga.

Lakini sitaki kumpa mwenye birotiki haki yote, kwa sababu sasa nafika upande mwingine wa jambo hili. Baada ya juma lile alifundisha wenzake wote: hapana kukubali mizajuri, hata moja, hata ikiomba kwa magoti. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo anashituka. Na watu wanajitetea kwa maneno haya: siye hatuna intaneti, megabaiti chache tunazonunua ni za simu, mwizi wa Urusi ao wa Marekani atanifikia kwa njia gani?

Atakufikia kwa kle. Kle za USB zinatembea Kibombo kuliko baiskeli: zinatoka birotiki, zinaingia ofisi ya masomo, zinakwenda paroisi, zinapanda treni mpaka Samba na Kindu, zinarudi. Kila mwalimu hapa amewahi kufungua kle yake na kukuta majalada yake yote yamegeuka alama ndogo zenye mshale. Kirusi kinachoitwa Conficker, kilichoanza mwaka 2008, kilienea dunia nzima kwa intaneti na kwa kle pia. Na Stuxnet, kilichogunduliwa mwaka 2010, kiliingia katika kiwanda cha nyuklia cha Natanz, Iran, mahali palipotengwa na intaneti makusudi. Ndani yake kulikuwa mapiloti wenye sahihi zilizoibwa kwa makampuni ya kweli, Realtek na JMicron. Kama ukuta wa jeshi haukutosha, pazia la birotiki litatosha?

Kwa hiyo masini ileile moja iko daraja na iko mbwa kwa wakati mmoja. Piloti wa imprimanti yake ni daraja: akitolewa, wanafunzi wanaandika mitihani gizani, na akibaki, hatari yake kubwa inamkaa mwenyewe. Lakini mlango wake wa kle ulio wazi kwa kila mtu ni mbwa: hauishii kwa mwenyewe, unauma masini ya paroisi, na ile ya hospitali, na ile ya mwalimu ambaye hajawahi kufika pale. Aliye mbali anaona mbwa tu. Aliye karibu anaona daraja tu. Nadhani ugomvi wote juu ya mambo haya unatoka hapo, wala hautoki katika ubaya wa roho ya upande mmoja.

Wanafunzi wangu wa mwaka wa sita niliwapa swali hili, nikapata jibu ambalo sikulitegemea, kutoka kwa kijana ambaye baba yake alifanya kazi ya reli. Reli yetu, ile ya Kindu mpaka Kongolo, ilifunguliwa mwaka 1911. Umri huo munaujua, na munajua hali yake. Si mchezo: mwezi Machi 2022 treni iliacha reli upande wa Lubudi, Lualaba, na watu zaidi ya 60 walikufa. Mtu mwenye akili angesema reli kama hizi zifungwe zote kesho. Lakini ukifunga, chumvi, sabuni, madaftari na mafuta vinafika Kibombo kwa njia gani? Tuliona wakati wa vita, treni ilipokatika, namna bei ya chumvi ilivyopanda mpaka watu wakaipima kwa kijiko. Yule kijana akasema: "Mwalimu, baba alikuwa anasema, pale njia iko mubaya, mashinisti anapunguza mwendo. Hasimamishi treni, na hapiti mbio." Akanyamaza, kisha akaongeza: "Lakini kama chuma imekatika kabisa, anasimama, hata kama ndani kuko mama mwenye mimba."

Kati ya kuacha na kukata kuko njia ya tatu, na watu wa ordinateri wanaijua, ingawa hawaitumii mara nyingi inavyofaa. Mwaka 2021 yalionekana matundu katika kazi ya kuchapisha ya Windows, yakaitwa PrintNightmare. Microsoft haikuzima imprimanti za dunia. Mwezi Agosti iliweka sharti kwamba piloti wa imprimanti ataingizwa na msimamizi wa masini tu, si na kila mtu anayepita. Sharti hilo lilisumbua watu maofisini, nakubali, lakini ni kupunguza mwendo, treni ilifika. Na kwa masini yetu ya birotiki inawezekana kufanya vilevile: ibaki na Windows yake ya zamani na imprimanti yake, lakini isipokee kle ya mtu; kazi iletwe kwa masini nyingine, ipimwe huko, kisha kle moja tu, ya nyumba, ndiyo ipite katikati. Ni kazi ya ziada, najua. Kuteremsha mzigo kabla ya daraja nako ni kazi ya ziada.

Kuna anayesema: mwenye kitu ndiye mwenye kuamua, basi. Sikubaliani naye, na desturi yetu haikubaliani naye pia. Mwenye mbwa si mwenye miguu ya jirani. Lakini kuna wengine wanaosema: mwenye kujua ndiye mwenye kuamua, na hao nawaogopa zaidi, kwa sababu siku hizi wenye kujua wako mbali na wana mkono mrefu. Hata mwenye kujua anakosea. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya ulinzi CrowdStrike ilituma matengenezo yenye kosa kwa piloti wake, na masini karibu milioni 8 na nusu zikaanguka kwa siku moja: viwanja vya ndege, benki, hospitali. Huyo alikuwa mlinzi, si mwizi. Mlinzi aliyepewa funguo za chumba cha kulala.

Ile siku ya 14 Oktoba 2025, ambayo piloti wa modemu alifutwa, ndiyo siku ambayo Windows 10 pia ilifikia mwisho wa matengenezo yake ya kawaida. Ulitangazwa mwaka mmoja wa nyongeza, mpaka Oktoba 2026, kwa dola 30 ao kwa masharti ya kujiandikisha. Watu wa Ulaya walipata masharti mepesi kuliko wengine, kwa sababu huko kuna mashirika ya watumiaji yaliyokwenda kulalamika. Tuseme wazi: wao walikuwa na barza, wakakaa, wakasikilizwa. Siye tulipata habari baada ya shauri kukatwa, wale waliopata.

Hapo ndipo naona kosa kubwa, kuliko katika kufuta kwenyewe. Wazee walipomuua mbwa wa mtu, walikuwa watu anaowajua, watu atakaolala nao kijiji kimoja usiku uleule. Walipaswa kumtazama usoni. Na mara nyingi, mimi nimeona kwa macho yangu, jike la jirani likizaa, mtoto wa mbwa analetwa kwa yule aliyepoteza wake, bila hotuba. Anayefuta piloti wa imprimanti ya Kibombo hatalala Kibombo. Hajui kama kuko Kibombo. Simshitaki kwa hilo, hawezi kujua kila mahali; lakini mtu asiyeweza kukutazama usoni anapashwa kuwa mwangalifu maradufu kabla ya kukata, na kuacha majani njiani kwa muda mrefu maradufu.

Na majani yenyewe yawe ya kusomeka. Tawi bichi katikati ya njia linasomwa na kila mtu: mtoto, mgeni, kipofu analigusa kwa fimbo. Tangazo la kufutwa kwa ltmdm64.sys liliandikwa kwa Kiingereza cha mafundi, kwa namba na vifupisho, na ilibidi ulitafute mwenyewe. Mwenye birotiki anasoma Kiswahili, Kikusu na Kifaransa cha shule. Kwa mtu huyo tangazo kama hilo ni sawa na tawi lililowekwa chini ya maji.

Niliwaomba wanafunzi wa mwaka wa nne waandike tangazo ambalo wao wangeliweka, tuseme imprimanti ya birotiki yetu ndiyo inakuja kukatwa. Waliandika mengi, mengine ya kuchekesha. Hili ndilo tulilolibandika ukutani, na sikulisahihisha:

"Wewe mwenye imprimanti hii. Mukalimani wake iko na tundu, mwizi anaweza pitia pale. Tutamutoa kiisha miezi sita. Mbele ya ile siku, chapisha kwanza mitihani. Kama unataka kubakia naye, funga mulango wa kle na usiunganishe na intaneti, na utuambie uko wapi. Kama kuko mukalimani mupya tutamutuma kwa treni, bure. Kama hakuna, tutakuja kukuambia sisi wenyewe."